Mwenye kovu na meza ya watafiti

Kila Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, Mombasa hugeuka pinki. Fulana, vitambaa, puto, matembezi ya asubuhi kabla jua halijakaza. Na kila Oktoba mimi, niliyeugua nikapona, hupewa kipaza sauti: "Mama, dakika tano tu, utusimulie ulivyopita." Nasimulia. Wengine hulengwa na machozi, makofi yanapigwa, nakabidhiwa chupa ya maji na fulana isiyonitosha, narudi kuketi. Mwaka wa nane huu naifanya kazi hiyo, na sasa nimeichoka. Si kwa kukosa shukrani. Nimechoka kwa sababu ya swali la tisa.

Swali la tisa lilikuja nyumbani kwangu Tudor mwaka jana, mkononi mwa binti wa chuo kikuu aliyekuwa akikusanya data. Binti mwenye adabu zake: alivua viatu mlangoni, akakataa chai mara mbili, ya tatu akanywa. Hojaji yake iliuliza: "Ni sababu gani iliyokufanya uchelewe kufika hospitali?" Chini yake visanduku vinne: kutojua dalili, hofu, imani za kienyeji, umbali.

Nikamwambia, mwanangu, hapa sina pa kutia alama. Kivimbe nilikigusa nikioga Jumapili usiku. Jumatano nilikuwa mbele ya tabibu. Nikaambiwa ni maziwa yameganda. Nina miaka arubaini na mitatu wakati huo, kitindamimba wangu yuko darasa la tano, maziwa gani? Nikapewa antibayotiki. Mwezi wa pili nikapewa nyingine. Mara ya tatu nikaambiwa nipunguze mawazo. Miezi saba ilipita kabla ya mtu kunidunga sindano ya biopsi, ile ya kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe. Binti akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini: "Basi tuandike umbali, mama?" Kituo chenyewe ni dakika kumi kwa tuktuk.

Tulicheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekwa. Mwenye kuchora visanduku ndiye anayeamua ni jibu gani litakalopatikana. Wanawake mia wa Pwani wakitiwa alama penye "kutojua", ripoti itasema shida ni ujinga wetu, na fedha zitakwenda kwenye mabango. Kungekuwapo kisanduku cha tano, "nilifika mapema nikarudishwa", fedha zilezile zingeombwa kwa ajili ya sindano za biopsi, mafunzo ya matabibu na wauguzi wa zahanati, na pikipiki ya kupeleka sampuli maabara. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa 2021, limeweka shabaha kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Tangu afike, si tangu akiguse kivimbe. Aliyeandika hivyo alijua kuwa kuchelewa kuko kwa aina mbili, na moja si ya mgonjwa. Hojaji ya binti yangu yule haikujua.

Na hatuzungumzi habari ya watu wachache. Makadirio ya 2020 ya GLOBOCAN, hesabu ya saratani ya dunia nzima, yaliweka wagonjwa wapya wa saratani ya matiti nchini Kenya karibu 6,800, na vifo zaidi ya 3,000. Utafiti juu yetu utafanywa tupende tusipende. Ninachodai ni kwamba manusura awepo mezani swali linapoandikwa, badala ya kuitwa jukwaani matokeo yakisherehekewa.

Kwingine wamelifanya zamani. Mwaka 1991 vikundi vya wanawake Marekani viliungana vikaunda National Breast Cancer Coalition. Mwaka uliofuata wakawabana wabunge wao mpaka zikatengwa dola milioni 210 za utafiti, tena ndani ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi, mahali ambapo hakuna aliyetarajia titi litajwe. Fedha zile zilikuwa nyingi, lakini mimi hunivutia kilichofuata: wanawake waliougua waliingizwa kwenye kamati za kupima maombi ya watafiti, na kura zao zikahesabiwa pamoja na za maprofesa. Bila shaka wapo walionung'unika, huyu mama atajua nini habari za protini na jeni? Muungano ule ukaanzisha mafunzo mwaka 1995, yaitwayo Project LEAD, ambako mtu wa kawaida hufundishwa baiolojia ya saratani, takwimu, na namna ya kuisoma ripoti ya utafiti mpaka chini. Kuumwa peke yake hawakukuona kuwa ni shahada. Nami nimefundisha miaka ishirini na mbili, nakubaliana nao.

Mwenye kuumwa aliyesoma huuliza maswali ambayo muuza dawa hana haja nayo. Chukua trastuzumabu, ambayo wengi tunaijua kwa jina Herceptin, dawa ya wale ambao uvimbe wao una kwa wingi protini iitwayo HER2. Kawaida hutolewa mwaka mzima. Kampuni gani itagharamia utafiti wa kuuza nusu yake? Uingereza waliufanya kwa fedha za umma: jaribio la PERSEPHONE, wagonjwa 4,089, nusu miezi sita na nusu kumi na miwili, na mtetezi wa wagonjwa, Maggie Wilcox, akiwa ndani ya timu. Matokeo yalitangazwa 2018. Baada ya miaka minne, asilimia 89.4 ya waliotumia miezi sita walikuwa hai bila saratani kurudi, na asilimia 89.8 ya waliotumia mwaka. Waliolazimika kuacha dawa kwa sababu ya moyo walikuwa wachache zaidi katika kundi la miezi sita.

Wafaransa nao walikuwa na jaribio lao, PHARE, likashindwa kuthibitisha kwamba miezi sita si dhaifu kuliko mwaka, na nchi nyingi bado zimeshikilia mwaka mzima. Mtetezi asiyekijua kisa cha Wafaransa atapanda jukwaani hapa Mombasa awaambie watu nusu yatosha. Anayekijua atauliza swali zuri zaidi: kwa mwanamke wa Kisauni asiye na fedha za mwaka, miezi sita iliyotimia si afadhali kuliko kumi na miwili iliyokatikia katika wa nne? Hilo halitaulizwa London. Ni letu.

Au mionzi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyeandikiwa mionzi alipanda basi la usiku kwenda Nairobi, karibu kilomita 500, akatafute ndugu wa kumstahimili. Mimi nilikaa kwa binamu yangu Eastleigh wiki tano. Dakika chache kwa siku kwenye mashine. Saa zilizobaki nikiosha vyombo vya watu ili nisionekane mzigo. Mwaka 2020 jaribio la FAST-Forward la Uingereza, lenye wagonjwa 4,096, lilionyesha kwamba mionzi ya mara tano ndani ya wiki moja haikuwa dhaifu kuliko ya mara 15 ndani ya wiki tatu. Daktari akilisoma hilo huona dozi. Mimi naona nauli, naona sahani za binamu yangu, naona mtoto wa darasa la tano aliyeachwa kwa jirani. Lakini nasoma mpaka chini: jaribio lile kuu lilihusu mionzi ya ziwa au ya ukuta wa kifua, si ya tezi za kwapani, na wengi wetu hufika hospitali tezi zishaingiliwa. Kwa hiyo mezani siendi kudai wiki moja. Naenda kuuliza ni wangapi kati yetu wanaoifaa, na nani amewahesabu.

Nisijifanye kwamba utetezi ni heri tupu. Miaka ya 1990 iliingia imani kwamba saratani ya matiti iliyosambaa ingetibika kwa kemo ya dozi kubwa mno, kisha mtu arudishiwe uboho wake. Wanawake wa Marekani waliipigania tiba hiyo. Bima iliyokataa ilishitakiwa. Mwaka 1993 baraza la raia waamuzi mahakamani huko California liliamua familia ya mwanamke aliyenyimwa ilipwe dola milioni 89. Maelfu wakafanyiwa nje ya majaribio, na majaribio yenyewe yakakosa watu, maana nani atakubali kupangiwa kundi ilhali anaweza kwenda kuinunua? Mei 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa saratani mjini Atlanta, tafiti tano zilisomwa. Nne hazikuonyesha kwamba watu waliishi zaidi. Ya tano, ya Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ilidai faida kubwa. Januari 2000 wakaguzi wakafunga safari wakazione rekodi. Hazikulingana na alichokisema. Fomu za ridhaa zilizotiwa sahihi hawakuziona. Bezwoda akakiri kwamba alidanganya.

Kisa hiki hunikaa rohoni kwa sababu mbili. Kwanza, waliokuwa wakidai tiba ile walikuwa wagonjwa kama mimi, wenye uchungu wa kweli, na walikosea. Huku muungano ule uliowasomesha watu wake ukisimama upande wa kungoja ushahidi. Pili, udanganyifu ule ulifanyika barani kwetu, na wagonjwa wale hawakuwa na mtu wao mezani wa kuuliza tu: fomu ziko wapi?

Kuna kasoro nyingine, na hii ni ya kwangu mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi si maiti. Anayeketi mezani ni aliyepona, na aliyepona mara nyingi ndiye mwenye binamu Nairobi, mwenye mshahara wa ualimu, ambaye uvimbe wake ulikuwa wa aina inayosikia dawa. Utafiti uitwao ABC-DO uliwafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Baada ya miaka mitatu nusu yao tu walikuwa hai. Kenya haikuwamo. Watafiti walewale walihesabu kitu ambacho daftari la wodi halina safu yake: kila wanawake 100 wa chini ya miaka 50 waliokufa waliacha mayatima wapya 210. Ndiyo maana neno "shujaa" tunaloitwa kila Oktoba hunikera. Kama mimi ni shujaa kwa kupona, mwenzangu wa Likoni tuliyekuwa tukipokezana ndoo ya kutapikia alikuwa nani? Nikiombwa kupeleka watu wawili kwenye kamati, nitapeleka manusura mmoja, na mtu mmoja aliyemuuguza asiyerudi.

Hata huko kupona kwenyewe kuna maneno. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mkono wangu wa kushoto huvimba kila nikifua, na soksi ya mkono niliyopewa imeshonwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Februari ya Mombasa ukiivaa saa mbili, ngozi inawaka. Vidonge vya kuzuia homoni vya miaka kadhaa huleta joto la ghafla mwilini, juu ya joto tulilo nalo tayari. Wangapi huviacha kimyakimya na kumwambia daktari wanavimeza? Niulizeni mimi. Huambiana kibarazani.

Pwani hatuanzii sifuri. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, wafadhili wa Uingereza, tangu 1989, na wanao wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanakijiji, wanaokaa na watafiti kuelezwa na kueleza. Lazima iwe hivyo. Ukichota damu ya watoto katika nchi ambayo bibi zetu walitulaza kwa visa vya mumiani, usipojieleza utakimbiwa. Lakini kazi kubwa ya Kilifi imekuwa malaria na maradhi ya watoto. Ule ustadi wa kukaa na watu, sijauona ukivuka daraja la Nyali kuja kwa wanawake wenye saratani.

Na kukaa na watu huanzia kwenye lugha. Niliwahi kuletewa fomu ya ridhaa niitazame Kiswahili chake. Ilisema mshiriki "atawekwa katika kundi kwa bahati nasibu". Nikaenda nayo Majengo, kwenye baraza tunayokutana wenzangu baada ya alasiri, nikawasomea. Mama mmoja mtu mzima akanikata: "Bahati nasibu? Nikacheze kamari na ziwa langu?" Aliyetafsiri hakukosea kamusi. Ila kwa mama yule bahati nasibu ni tikiti za kubahatisha, ni haramu, na daktari anayezichezesha ni wa kuhamwa. Tulibishana saa nzima, kahawa ikapoa. Wengine walitaka "kubahatisha", ikaonekana ni mbaya zaidi. Nani atake daktari anayebahatisha? Mwisho tukaafikiana: kura. Kura watoto huipiga kujua nani aanze mchezo. Na imo katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake. Kura ni uadilifu, hakuna aliyependelewa, na ndicho hasa mwanasayansi alichotaka kusema.

Sentensi nyingine ilisema sampuli "itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye". Matumizi gani, ya nani, wapi? Ile iliyosema utafiti hautakuwa na faida ya moja kwa moja kwa mshiriki, akina mama walisema iachwe kama ilivyo, angalau hiyo ni kweli.

Maneno ya sampuli yanifikishe kwenye kitofali cha nta. Nyama iliyokatwa mwilini mwako hutiwa fomalini, dawa ya kuizuia isioze, kisha hugandishwa kwenye nta ili ikatwe vipande vyembamba na kupimwa: ina vipokezi vya homoni, yaani mahali homoni hujishika na kuukuza uvimbe? Ina HER2? Tiba yote hutegemea majibu hayo. Na majibu hutegemea mambo ya jikoni kabisa: nyama ilingoja muda gani kabla ya kutiwa fomalini, ilitosha ile fomalini, ilikaa humo saa ngapi. Miongozo husema kati ya saa 6 na 72. Nyama iliyokatwa Ijumaa ikangoja mpaka Jumatano yaweza kusema haina kipokezi ilhali inacho, na mtu akakosa kidonge ambacho kingemfaa. Sasa, nani atamwambia mtafiti kwamba chupa ile hubebwa na mgonjwa mwenyewe, ndani ya mkoba, kwa matatu, mpaka maabara ya upande wa pili wa mji? Yangu niliibeba mimi, baina ya kanga na pochi. Ndiyo maana nikisoma kwamba sehemu kubwa ya wanawake wa hapa uvimbe wao hauna vipokezi vyovyote, siamini wala sikatai. Wanawake weusi kweli huipata zaidi aina hiyo. Lipo la asili. Lakini kabla ya kuisingizia damu yangu, nataka kujua chupa zilibebwa na nani.

Haki ya kuuliza tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya habari, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu habari zetu za afya, na miongozo ya 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, inataka jamii ishirikishwe mapema, utafiti ukiwa bado unapangwa. Kinachokosekana ni kiti, na nauli ya kukifikia. Sitaki kulificha hili la fedha. Ukimwita mama muuza mboga wa Kongowea kwenye kikao cha saa tatu asubuhi, umemuulia siku. Profesa aliye mkabala naye siku yake imelipwa. Mama akiambiwa anakuja "kwa kujitolea", watakaojitokeza ni sisi wenye pensheni na Kiingereza cha kutosha, na meza itakuwa imejaa watu wa Nyali na Tudor wakiwasemea watu wa Mtongwe.

Binti wa hojaji alinipigia simu mwezi uliopita. Ameendelea na masomo, anaandaa utafiti wake mwenyewe, na ameniletea rasimu kabla haijakwenda kwenye kamati ya maadili. Swali la tisa limekuwa mawili, na la pili linauliza ulipofika mara ya kwanza uliambiwa nini. Nimemrudishia na wino mwekundu kwenye la kumi na nne, linalouliza "nani alikuruhusu kwenda hospitali", kana kwamba kila mwanamke wa Pwani ana mlinzi mlangoni. Labda wapo wenye mlinzi. Basi liulizwe kwa namna isiyomtukana asiye naye. Tumepanga kulisuka upya Jumamosi, baada ya adhuhuri. Nimemwambia nitakuja na mwenzangu wa Mtongwe, na aandike kwenye bajeti yake nauli ya matatu, ya kwenda na ya kurudi, na kibarua cha siku.